Kikopo Kando ya Kayaba

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumatatu, 13 Februari 2023

Mama Hope wangu,

Bwana asifiwe. Najua utashtuka kuona karatasi na simu ziko. Kwetu simu ni moja. Tonny anaisoma, wadogo zake wanaisoma kwa sauti, na mabati yanawasomea majirani. Kwa hivyo nimerudia mtindo wetu wa zamani, ule wa tangu tulazwe kitanda kimoja wodi ya wazazi, kichwa changu miguuni pako, wewe na Hope, mimi na Tonny, ukaniambia, "Ukifika kwako niandikie, usinipotelee."

Anayekuletea hii ni Sella, yule hununua omena kwangu akaziuze soko la huko Kawangware. Sella hafungui cha mtu. Chini ya gunia lake kuna mfuko mweusi, na ndani ya mfuko kuna kikopo cheupe cha plastiki, kifuniko chekundu, nimekizungushia selotepu. Tafadhali usikifungue.

Nakuomba udongo, dada yangu. Hapa Kisumu Ndogo hata maji ya vyombo ukimwaga yanaangukia mlango wa mtu. Hakuna mahali pa kuficha hata mbegu ya papai. Lakini wewe una shamba la baba yako, na kile kipande cha nyuma ya nyumba za wapangaji, kando ya ule ua wa miiba, kayaba, nimekiona bado kiko wazi.

Kilichomo kilikuwa hai ndani ya nyumba hii na sasa si hai. Tumetoka nacho hospitali Jumamosi. Nikijaribu kuandika zaidi kalamu inakataa. Baba Tonny amelala hapa mbele yangu na homa. Aliniapisha kwamba kitarudi kwa udongo na si mahali pengine. Kwao mtu harudi nusunusu. Kupeleka kwao Siaya haiwezekani, kaka zake wataniuliza maswali ambayo mwanamke hawezi kujibu mbele ya wanaume.

Chimba kina, uombe, ufunike. Usimwambie hata mzee wako.

Wako katika Kristo,
Filister


Kawangware
Jumatano, 15 Februari 2023

Mama Tonny mpenzi,

Barua yako ilinukia omena hadi paka wote wa ploti wakanifuata chumbani. Nilisoma nikiwa nimekaa kwa ndoo.

Sikufungua, na sikuwa na haja ya kufungua. Mwanamke akimwambia mwenzake kitu kilikuwa hai na sasa si hai, na ametoka hospitali, huyo mwenzake atauliza nini tena? Pole, pole sana. Na mimi nilidhani kwa umri wetu mambo hayo yamefunga duka. Kumbe ulikuwa umebeba na hukuniambia. Sikulaumu.

Sasa na mimi nikupe yangu, ile ambayo hata kwa kitanda kile kimoja sikuitoa. Kabla ya Hope kulikuwa na mwingine. Nilikuwa sijaolewa na Kihara. Alikuja kabla ya wakati wake na hakulia. Mama yangu Wakarima, Mungu amlaze, alimfunga kwa leso akamzika kando ya kayaba kabla kanisa halijajua. Nikamuuliza tumwiteje. Akaniambia, "Asiyelia haitwi." Mpaka leo hana jina. Kihara hupita hapo kila siku akienda kukagua mita za maji, hajui anapita juu ya nini. Na kile kipande amekataa kabisa kukijenga. Nimemwambia tuongeze vyumba, wapangaji wanatafuta, yeye anasema mawe ni mengi, fundi atasumbuka. Namwita mvivu. Moyoni namshukuru Mungu kwa huo uvivu.

Wako nimemlaza kando ya wangu. Jana asubuhi, wapangaji wakiwa wameenda kazini, nilichimba mpaka udongo mwekundu ukaanza kunijibu. Niliomba kwa sauti, Filister. Wangu sikumwombea kwa sauti, kwa hivyo niliwaombea wote wawili pamoja. Na nimempa jina, utanisamehe. Sikujua ni mvulana au msichana, nikatazama tarehe, nikamwita Valentine, jina ambalo linavaliwa na wote. Juu nimepanda mchaichai, ili mtu akiona udongo umechimbuliwa adhani ni bustani.

Kunywa uji wa wimbi, jifunge tumbo vizuri, usibebe gunia la omena mpaka damu ikauke. Na umwambie Baba Tonny pole. Wanaume nao huumia kwa mambo haya, ila hawana mahali pa kuonyesha.

Ni mimi wako,
Beth


Kisumu Ndogo
Jumapili ya Matawi, 2 Aprili 2023

Mama Hope,

Nimekaa kimya kwa aibu, wewe ukidhani ni kwa huzuni. Kaa tena kwa ile ndoo.

Si mtoto. Uliyemzika, ukamwombea, ukampa jina, ni korodani ya kushoto ya Baba Tonny.

Najua unacheka. Mimi nilicheka siku ile nilipofika mahali unaniambia nijifunge tumbo, nikacheka nikiwa nimeshika kisu cha kukatia sukuma wiki, halafu nikafika mahali pa mtoto wako na nikalia mpaka Baba Tonny akauliza nani amekufa. Ningekuandikia siku hiyo hiyo. Lakini ungemfukua, na ulikwisha kumlaza kando ya wako kwa upendo wote ule. Nilishindwa.

Ilianza Januari. Nicanor wangu alikuwa mjengo, anapanga mawe, akahisi upande ule unauma kama ameupiga. Hakuniambia. Mwanaume wa miaka hamsini na moja anatembea kama bata na ananiambia ni mgongo. Kwa duka la dawa walimpa vidonge vya kuua vijidudu, akamaliza, akapewa vingine. Uvimbe ukawa mgumu. Hospitali wakampiga picha ile ya kupakwa mafuta baridi, wakaona kitu na wakaona damu haipiti vizuri. Daktari Gichuru akasema, "Hii inaweza kuwa saratani, siwezi kuiacha ndani." Wakaitoa.

Sista akanipa kikopo na karatasi, nipeleke maabara kubwa wapasue waangalie. Ndipo Nicanor akaamka, akakiona mkononi mwangu. Aliniambia, "Filister, nimekatwa imetosha. Hiyo haitaenda kukatwa vipande na watoto wa shule. Irudi kwa udongo, siku nikifuata nisikute nimepungua." Nikamtii. Daktari alipouliza majibu nikasema bado, watu wa maabara wamechelewa. Nilisema hivyo mara ya kwanza na ya pili, uso mkavu, mimi ninayefundisha watoto Jumapili.

Sasa sikia kilichofuata. Homa ya jioni haikuondoka. Amekonda, shati linamning'inia kama limeanikwa. Misuli ya miguu inamuuma hata shuka likimgusa. Halafu wiki hii mguu wa kulia umelala. Akitembea unyayo unapiga chini, pa, pa, na kandambili inabaki nyuma. Jana aliirudia moja mara nyingi, mwishowe akaiacha njiani akaingia pekupeku, akakaa, akautazama ule mguu kama ni wa mtu mwingine.

Binamu yake alikuja akasema hii ni chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao kwetu husemwa humpata aliyevunja mwiko. "Umejengea Nairobi yote, nyumbani hujajenga. Unangoja nini?" Na mimi moyoni nilijiuliza kama mwiko ni ule wangu, wa kutuma mwili wa mtu kwa gunia la omena.

Tumerudi kwa daktari Gichuru. Alimgonga goti, akamgusa nyayo kwa sindano, akapima presha. Kisha, "Mama, niambie ukweli. Kile kikopo kiko wapi?" Nikamwambia kimezikwa Kawangware. Nilitaka anipigie kelele, ningepumua. Hakupiga. Alikaa pale pale kwa kitanda cha mgonjwa.

Akasema kuna ugonjwa aliousoma chuoni na hajawahi kuukuta. Unashika mishipa ya damu, ile midogo, kuta zake. Walinzi wa mwili wanageuka wanaupiga mwili wenyewe. Unaweza kujionyesha mahali pamoja tu, hata pale kwa korodani, na mtu akikatwa hapo ukaisha. Au unaweza kuwa ulikuwa unabisha hodi pale kabla ya kuingia nyumba nzima: neva za miguu, matumbo, figo. Mguu ukilala hivi, anaogopa umeingia. Dawa yake iko, ni ya kuwalaza wale walinzi. "Lakini kama hii ni TB," akasema, "nikiwalaza walinzi nimemfungulia mwizi mlango. Kama ni saratani iliyotembea, nitakuwa nimetibu kisichokuwepo huku inakula. Vipimo vya damu vinaniambia kuna moto, havisemi nani aliuwasha. Ile nyama ndiyo iliyoona. Na siwezi kumkata iliyobaki ili nitazame."

Nikauliza, haijaoza? Akasema mle ndani kulikuwa na dawa ya kuhifadhi. Kama kifuniko hakijaachia, bado inaweza kusema. Lakini haraka, maana figo zikiguswa hazibembelezwi.

Kwa hivyo nakuomba kitu ambacho mtu hapaswi kumwomba mwenzake. Chimbua. Na najua sasa unachimba kando ya nani. Ukisema huwezi, sitakuuliza kwa nini, tutabaki tulivyo. Nicanor nilimgusia akasema, "Kilichopewa udongo hakidaiwi," akageukia ukuta. Hajui naandika. Karatasi ya sista ninayo bado, nimeikunja humu.

Filister wako, mwenye aibu


Kawangware
Alhamisi Kuu, 6 Aprili 2023

Wewe Filister,

Nilikuambia ujifunge tumbo! Nilikuambia umpe mumeo pole! Nimecheka peke yangu mpaka mpangaji wa chumba cha kwanza akaja kuuliza kama niko sawa, nikamwambia ni Roho. Mungu anisamehe kwa hiyo pia. Nimemwombea Valentine kila asubuhi tangu Februari, akue mbinguni, acheze na wenzake.

Baada ya kicheko nikaenda nikasimama kwa mchaichai na jembe, na sikuweza. Mvua imeanza, umestawi, huwezi kujua shina liko wapi. Niliogopa mkono wangu. Nilifikiri, nikikosea upande? Nikigonga leso ya mama yangu? Nikaweka jembe chini, nikalichukua tena. Nilikuwa naomba na sikuwa naomba, midomo tu inaenda.

Kihara akanikuta hapo.

"Beth, unatafuta nini?"

"Kitu cha Mama Tonny."

Akatazama mchaichai, akanitazama. Nilingoja aulize kitu gani, nilikuwa nimepanga uongo tayari. Akanitoa jembe mkononi polepole, vile mtu humtoa mtoto kisu, akasema, "Unasimama vibaya. Wako yuko huku, karibu na mzizi wa kayaba. Huyu mwingine ni wa huku."

Filister, aliniona siku ile nikizika. Na huyo wa mzizini alimjua kabla hatujaoana. Mama alimwambia. Alimwita jioni moja akampa chai akamwambia, nisije nikadanganya mtu, kuna hiki. Na yeye akasema sawa, akamaliza chai, akanioa. Miaka yote hii ninamwita mvivu mbele ya wageni, ananyamaza. Hapakuwa na mawe yoyote pale. Hakuna hata kokoto. Ni udongo kama unga.

Nilimuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie." Akaendelea kuchimba.

Alichimba kwa jembe, alipokaribia akatupa jembe akachimba kwa mikono. Kikopo kikatoka. Selotepu yako ilikuwa bado inang'aa. Nilikiosha kwa bomba nikakiinua kwa mwanga: maji yake safi, hakuna tone lililopotea, na ndani kile kitu kimetulia, kimekuwa cheupe, kimelala kama kinangoja kuitwa. Mvua zote hizi zimepita juu yake. Kihara alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Nilikifunga kwa leso nikapeleka maabara kubwa mimi mwenyewe na ile karatasi. Aliyekipokea ni daktari mwanamke, Nzilani, mfupi, miwani kwa kamba. Akasoma tarehe, akanisoma na mimi. "Mama, hii ya Februari ilikuwa wapi?" Nikamwambia, ilizikwa. Akakigeuza geuza. "Kwa nani?" Nikasema, kwangu. Akaandika kitu, akasema, "Mlikihifadhi vizuri." Majibu ni baada ya Pasaka.

Ni wiki hii ya mateso, Filister, na kitu kimetoka udongoni kikiwa kizima. Sisemi zaidi nisije nikakufuru.

Beth


Kisumu Ndogo
Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili 2023

Mama Hope,

Fupi tu, Sella ananingoja mlangoni.

Nimemwambia. Sikutaka Baba Tonny ajue kutoka kwa daktari. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Jumamosi akaniuliza, "Kihara alichimba kwa mikono?" Nikasema ndiyo, hivyo ndivyo ulivyoniandikia. Jana alikubali nimvalishe viatu twende kanisani, na mguu ulipokataa kuingia hakuutukana.

Lakini ameanza kuumwa na tumbo akila, na mkono wa kushoto vidole viwili vina ganzi. Daktari Gichuru amemlaza leo. Anasema anasubiri yale majibu kama mtu anayesubiri mvua na mbegu ziko mkononi. Ombeni.

Filister


Kawangware
Jumatano, 19 Aprili 2023

Filister dada yangu,

Karatasi ya majibu nimempa daktari Gichuru mkononi leo asubuhi, na wewe ulikuwa umeketi pale kwa benchi, tumekumbatiana, tukalia, lakini mbele ya watu sikuweza kukuambia nilichokiona. Nakuandikia nikiwa bado nimevaa kitenge cha kanisani, sijakifungua, sijui kwa nini. Naona kama nimetoka mahali.

Daktari Nzilani alinipigia niende kuchukua. Nilipofika hakunipa karatasi. Aliniuliza, "Wewe ndiye wa udongo?" Nikasema ndiye. Akaniambia, "Njoo uone ulichokitunza, maana kitu hiki mimi mwenyewe naweza kumaliza kazi yangu nisikione tena."

Ana ile hadubini ya macho ya watu wawili, yeye huku mimi kule. Aliniambia wamekata kipande chembamba kuliko karatasi ya maandazi, wakakitia rangi. Nikaweka jicho. Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Kisha, Filister, mbingu ikafunguka chini ya kile kioo.

Ni rangi ya waridi na zambarau, kote, kama kanga iliyotandazwa mpaka upeo. Nikamuuliza, yote hii ni Baba Tonny? Akacheka, "Ni kipande chake kidogo kuliko ukucha." Akasogeza. Kukaja mduara. Ndani ya mduara mduara mwingine, na mwingine, vile mkaratusi ukikatwa unaona miaka yake. Katikati shimo, safi. Akasema, "Huu ni mshipa wa damu, mzima. Huu hauna shida." Nilitaka kukaa hapo tu. Kitu kidogo hivyo, mahali hakuna jicho lingewahi kufika, na kimejengwa kwa duara, kimepigwa lipu, kimesawazishwa. Nani alikuwa anaenda kukagua huko? Mimi nina ploti, najua mahali pasipokaguliwa fundi hufanya ovyo.

Akasogeza tena. Huo mwingine nilijua kabla hajasema. Ukuta wake upande mmoja umeyeyuka, umekuwa mwekundu wa kung'aa, kama plastiki iliyounguzwa, na kuuzunguka kuna vidoa vyeusi vya zambarau, maelfu, vimeusonga kama watu kwa moto. Lile shimo la katikati limefungwa. "Hao ndio walinzi," akasema. "Wanapiga nyumba yao." Na upande wa pili wa mshipa huo nyama imekufa, imepauka, hakuna kitu. Akanionyesha mwingine, na mwingine. Mmoja mgonjwa, wa kando yake mzima kabisa, kama huo haujasikia habari.

Nilimwambia, daktari, hii naijua. Kwa ploti yangu maji yakikosa kufika chumba cha mwisho, mpangaji analaumu bomba la kwake. Bomba halina makosa. Ni mfereji katikati umekula kutu kwa ndani, na kwa nje unaonekana mzuri. Akatoa jicho kwa hadubini akanitazama. "Ndivyo," akasema. "Na mkiona chumba cha kwanza kimekosa maji, mnapaswa kuuliza vingine." Si saratani, Filister. Si TB, wameitafuta kwa rangi yake na haipo. Ni ule ugonjwa wa mishipa, ule daktari Gichuru aliusoma chuoni.

Nilimuuliza, kama ingekaa kwa udongo? Akaifunika kalamu yake. "Wangeendelea kukisia. Na ugonjwa huu hausubiri wanaokisia."

Nikatoka nje, nikasimama kwa geti la hospitali, watu wanapita, wauza miwa, bodaboda, mlinzi anakoroma. Na nikaona kwamba ndani ya kila mmoja wao, ndani ya yule mlinzi, kuna ile miduara, inafunguka na kufunga, hakuna anayeisikia. Na ndani ya wangu wa kando ya kayaba ilikuwepo pia, ilikuwa imeshajengwa. Hakulia, lakini alikuwa amejengwa. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka leo.

Nimemwambia Kihara. Amesema, "Sasa lala."

Beth


Kisumu Ndogo, Kibera
Jumapili, 11 Juni 2023

Kwa Mama Hope,

Salamu katika jina la Bwana. Huu ni mkono wangu mwenyewe, Nicanor. Filister ametoka kuchukua omena kwa Sella, maana sasa ni Sella anayeuza na ni yeye anayenunua, wanawake wamebadilishana biashara, mimi siulizi.

Hospitali niliingia nikiwa nimebebwa na vijana wawili. Walinipa dawa kwa mshipa, nyingine vidonge, na vidonge bado nameza kila asubuhi baada ya uji. Zimenifurisha uso kama andazi. Watoto wa mlangoni wananiita mheshimiwa. Njaa ninayo ya watu wawili. Homa iliondoka kabla hata sijajua imeondoka, niliamka tu nikasikia baridi ya kawaida. Tumbo limetulia. Figo wanazipima, wanasema hazijaguswa. Daktari Gichuru huleta wanafunzi wake kunitazama. Anawaambia, "Huyu mzee muangalieni vizuri." Zamani ningeona haya. Sasa nawaonyesha mguu mimi mwenyewe, nawaambia mgonge hapa.

Mguu hauko vile ulivyokuwa. Lakini kidole kikubwa kiliinuka siku moja nikiwa nimekiangalia, polepole kama kuku anayeamka. Nilimwita Filister akaja mbio akidhani ni mbaya. Tulikaa tukikiangalia kinainuka na kushuka. Sasa navaa kiatu, kwa kufunga kamba, na fimbo.

Nilikukasirikia, sitaficha. Nilisema kilichopewa udongo hakidaiwi. Filister akanisomea ile barua yako ya hadubini, mwanzo mpaka mwisho, na nikamwambia asome tena pale penye duara. Mama Hope, nimejenga kuta tangu nikiwa kijana. Ukuta wa duara ni mgumu. Ni mafundi wachache wanauweza, kwa uzi na kijiti katikati, na wakimaliza wanasimama nyuma kuutazama. Na mimi nimekuwa nikitembea na kuta za duara zisizohesabika, nikinywa chai nazo, nikigombana na watu nazo, bila kujua. Mtu wa namna hiyo hana cha kuuamuru udongo.

Daktari Nzilani amebakiza vipande kwa nta, anasema vitafundisha wengine. Nimekubali. Kilichobaki kwa kikopo amemrudishia Filister. Naye Filister ameniuliza kama tupeleke Siaya. Kaka zangu sasa wanajua, niliwaambia kwa simu, mabati yote yakisikia, na hakuna aliyecheka zaidi ya kiasi. Lakini nimekataa Siaya. Kirudi kilipokuwa. Pale kimelala na mvua ikapita na hakikuharibika, sioni mahali pengine bora.

Ila lile jina. Valentine ni jina zuri mno kwa kitu kama hicho, na changu hakina haja ya jina, mwenyewe yuko hai anaandika. Kama wewe na Kihara hamtaona vibaya, jina lisitoke pale, lisogee tu upande wa mzizi, kwa yule alitangulia. Mnasema alijengwa. Fundi hawezi kuacha kazi iliyomalizika bila alama.

Nimechonga jiwe. Ni dogo, la kutoshea kwa kikapu cha Sella, lakini nitalibeba mwenyewe. Nimeandika Valentine, na chini nimeacha nafasi, kwa sababu najua kwenu mtoto hubeba jina la babu au nyanya yake, na hilo si langu kuandika. Jumamosi tutakuja na Filister. Nitatembea polepole, msiwe na haraka ya chai.

Na umwambie Kihara jembe aliache. Safari hii nitachimba mimi.

Ndimi,
Nicanor, Baba Tonny